Dawa ya Mvuto Ndani ya SAR

Ipo asubuhi moja ya baridi, mwezi wa Julai, ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye nyasi kavu kule Ushetu, makuruta wa mgambo, mstari mmoja mrefu, kila mtu na bunduki yake begani, tukitazama kichuguu kikubwa kama nyumba. Mbele ya kichuguu zilisimamishwa shabaha za karatasi. Kulia kwangu alilala msichana aitwaye Nkwimba. Mimi nilikuwa natetemeka, nikajiambia ni baridi.

Kabla sijafika mbali nikuombe radhi. Wazee wa zamani waliotoa nasaha walikuwa na mvi na ng'ombe. Mimi nina mvi chache, ng'ombe sina, nina shahada na maumivu ya mgongo. Vijana wa bodaboda hapa Nyasubi walipoanza kuniita mzee nilidhani wanamwita mtu aliye nyuma yangu. Niligeuka kumtazama. Hakuwepo.

Lakini wewe mwenyewe ulinitaka nasaha. Wiki iliyopita, pale kwa kinyozi, mlikuwa mmeinamia simu mkitazama video ya dada mmoja akilia mbele ya duka huku watu wakimrushia maneno. Kinyozi hakuwa amemaliza hata upande mmoja wa kichwa changu, nanyi mlikuwa mmeshajua kosa la yule dada, tabia yake na malezi ya mama yake. Ukaniuliza, "Mzee, wewe unasemaje?" Nikasema nitakujibu kwa maandishi, mkacheka sana. Haya, jibu langu ndilo hili, na linaanzia kwenye bunduki.

Ile bunduki tuliiita SAR, na ndivyo inavyoitwa mpaka leo. Kuruta akiulizwa jina la silaha yake alitaja herufi hizo tatu kwa sauti kubwa, na asiulize zaidi. Mimi niliuliza, nikarushwa kichura kuzunguka uwanja. Baadaye nilisoma mwenyewe. Ilibuniwa kule Urusi vita kuu ya pili ya dunia ikielekea ukingoni, halafu kwao haikukaa sana mstari wa mbele kwa sababu ilikuja nyingine yenye kumimina risasi kama mvua, ikaifunika. Wachina wakaitengeneza kwa wingi. Ikasafiri, ikafika nchi nyingi zilizokuwa zinatafuta uhuru, na nyingine, sijui kwa njia gani, zikaishia mikononi mwetu.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza. Kitako chake ni cha mti, rangi ya kahawia, na mti wa bunduki yangu ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe uliotumiwa na bibi na mama na binti. Nani aliulainisha? Mtu mmoja alikuwa amechora kisalaba kidogo karibu na mahali pa kuweka shavu. Chini ya mtutu kuna singe, kisu chembamba kinachokunjwa na kulala kama mguu wa panzi. Nilikuwa nikiipangusa najiuliza imelala kwenye mabega ya nani, na kama aliyechora ule msalaba alifika nyumbani.

Jambo moja kubwa lilikuwa tabia yake. SAR inajipakia yenyewe, ila haijifyatui yenyewe. Ukivuta kifyatulio, inatoka risasi moja, chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatupa ganda, kinaingiza risasi nyingine, kisha inakaa kimya ikikusubiri. Hata ukikaza kidole mpaka kesho, haitoi nyingine. Ni lazima uachie, halafu uvute upya. Mkufunzi wetu, Afande Luhende, mwanajeshi mstaafu mwenye shingo fupi na sauti ndefu, alituimbia hilo kila siku. "Moja! Achia! Moja! Achia!" Tulilisema tukikimbia, tukila ugali, na nadhani wengine walilisema usingizini. Na kwa sehemu kubwa ya mafunzo tulilisema tukiwa tumebeba bunduki za mti, zilizochongwa na fundi seremala wa pale pale kijijini, kwa sababu zile za kweli zilifungiwa na zilitoka kwa nadra kama mgeni wa heshima.

Utauliza mimi nilifuata nini mgambo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada isiyotakiwa na mtu yeyote kati ya Shinyanga na Geita. Migodi ilikuwa inatafuta walinzi, na mlinzi alitakiwa awe amepita mgambo. Nikaona bora nilinde dhahabu ya watu kuliko kulinda cheti changu nyumbani. Afande alipojua nimesoma, alinifanya karani wa kambi, na makuruta wakanipa jina la Msomi, ambalo kule lilikuwa na maana ya mtu asiyejua kuchimba choo.

Nkwimba yeye hakuja kwa kukosa la kufanya. Alilelewa na mjomba wake katika shamba la tumbaku, na tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto. Moshi ule ulikuwa umemwingia kifuani. Alikohoa kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Daktari wa zahanati alimwambia aache kazi ya moshi. Kuacha ni rahisi kusema. Kwao hapakuwa na kazi nyingine. Akifuzu mgambo, angekwenda Geita kusimama getini kwenye hewa safi. Asipofuzu, msimu wa tumbaku ulikuwa unamsubiri. Hakuna kuruta aliyekimbia kama yeye, huku anakohoa.

Sasa, asubuhi ile Afande alipuliza filimbi, tukaanza kulenga. Moja, achia. Moja, achia. Nilifyatua yangu ya kwanza nikiwa nimefumba macho yote mawili, jambo ambalo halikuwamo kwenye mafunzo. Nkwimba akafyatua yake.

Bunduki yake haikunyamaza. Ilitoa moja, ikatoa nyingine, ikatoa nyingine, mfululizo, bila nafasi ya mtu kuvuta pumzi, mpaka risasi alizopewa zikaisha. Mtutu ulipanda juu na kusogea kushoto, kwenye upande wangu. Vumbi la kichuguu likaruka. Halafu kimya, na harufu ya baruti, na ndege wote wa Ushetu wakiwa angani.

"Nani kasema mimina?" Afande Luhende alifika akiwa mwekundu wa macho.

"Afande, nimevuta mara moja," Nkwimba alisema. Alikuwa bado amelala, bunduki ameielekeza mbele kama alivyofundishwa. Hilo nalikumbuka vizuri. Hakuitupa.

"Mara moja! Basi zile nyingine zimejivuta zenyewe kwa kukuonea huruma?"

"Mara moja, afande."

"Umeogopa, kidole kikacheza ngoma. Simama. Weka silaha chini. Kwenye kambi yangu huna kazi tena."

Alikagua bunduki, akahakikisha haina risasi, akaifunga kamba na kuandika karatasi kwamba ni kielelezo, isiguswe na mtu mpaka ipelekwe wilayani. Tulipokwenda kutazama shabaha, ya kwangu ilikuwa na matundu matatu mazuri upande wa juu, na mimi nilikuwa nimefyatua risasi moja tu, ambayo kwa maoni yangu iliingia Kahama mjini. Kuruta mmoja aitwaye Shija, mchekeshaji wa kambi, alinipiga begani. "Msomi, mshukuru jirani. Kakufanyia mtihani."

Afande aliniita niandike maelezo. Niliandika kwamba kuruta alishikwa na taharuki, akavuta kifyatulio mara nyingi kinyume cha amri. Niliongeza na aya nzuri kuhusu hofu na mishipa ya fahamu, niliyoikumbuka kutoka mhadhara mmoja. Afande aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yalikuwa maandishi mazuri, mwanangu. Yalikuwa na nukta na mkato mahali pake.

Kambini nako kulikuwa na maelezo mengine, yasiyohitaji karani. Asubuhi kabla ya shabaha tulipewa muda wa kusafisha silaha, na msichana mmoja alimwona Nkwimba akichomoa kijipembe kidogo kiunoni na kupaka kitu ndani ya bunduki. Habari ikatembea. Mjomba wake Nkwimba alikuwa Mzee Jidayi, na mtu yeyote wa Ushetu alimjua Mzee Jidayi.

Hapa lazima nikueleze mambo ya ngoma, maana ninyi vijana wa mjini mnayaona kwenye harusi tu. Usukumani, mavuno yakishaisha, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanjani siku moja, saa moja, duara hili hapa na duara lile pale. Hakuna jaji mezani. Jaji ni miguu ya watazamaji. Duara litakalojaza watu limeshinda, na lile lingine linabaki likichezea vumbi. Kwa hiyo kila kiongozi wa ngoma hutafuta vituko vya kuwavuta watu, nyoka, sanamu, sarakasi, na pia hutengeneza dawa ya mvuto, ile tunayoiita samba, ili macho ya watu yasibanduke kwake. Mzee Jidayi alikuwa kiongozi wa Bagalu na fundi wa dawa hiyo. Ila miaka ya karibuni alikuwa anashindwa. Mpinzani wake, kijana wa Bagika, alikuwa anacheza na chatu mwenye afya nzuri.

Sasa makuruta wakawaza, na kijiji kikawaza pamoja nao. Mzee katia samba kwenye bunduki. Dawa ya kuvuta watu imevuta risasi.

"Imezidi nguvu," Shija alitangaza kwenye foleni ya uji. "Risasi zimeona shabaha, zikagombea mlango!"

Jua halijafika utosini, vijana walikuwa wameshaanza kwenda nyumbani kwa Mzee Jidayi kwa baiskeli, wakiomba kuingizwa Bagalu. Mtu ambaye dawa yake inaweza kuichanganya akili bunduki ya serikali, kweli atashindwa na chatu? Mashindano yalikuwa karibu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mzee alikuwa na jina.

Basi tukawa na majibu matatu. Afande na kidole. Kijiji na dawa. Msomi na mishipa ya fahamu. Kila mmoja aliridhika na la kwake, na Nkwimba alikaa kwenye ngazi ya darasa tulilolala, maana kambi yetu ilikuwa kwenye shule, begi lake miguuni, akisubiri mjomba aje kumchukua. Nilimsogelea nikamuuliza kwa nini hasemi habari ya kile kijipembe.

"Dawa imekatazwa kambini," alisema. "Nikisema, nimefukuzwa mara ya pili. Halafu siyo yangu kuisema."

"Lakini ulivuta mara ngapi?"

Alinitazama kwa uchovu. "Umeshaandika. Kwa nini unaniuliza sasa?"

Mzee Jidayi alikuja mchana, baiskeli inamtoa jasho, nyuma yake kundi la vijana waliomfuata kama vile ngoma imeshaanza. Walibaki kwenye uzio. Yeye aliegemeza baiskeli, akaingia. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama wanavyotembea wacheza ngoma wa zamani, nyayo zinaigusa ardhi kwanza ndipo uzito unafuata. Afande alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mimi nilimwamkia, akaitikia huku ananitazama mikono. Kisha alikwenda moja kwa moja kwa Nkwimba.

"Mwangaluka, mayo," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mjomba."

"Ulivuta mara ngapi?"

"Mara moja."

"Haya," akasema, na akageuka. Ndiyo ilikuwa kesi yake yote. Hakuuliza tena mara ya pili. "Afande, mtoto amevuta mara moja. Zile nyingine nani kavuta?"

"Mzee, nakuheshimu," Afande alisema. "Kama unataka kuniambia habari za dawa, sitaziandika. Mimi najua kidole."

"Mimi sijaja na habari ya dawa. Nimekuja na swali. Hiyo bunduki imesemaje?"

"Bunduki haisemi."

"Mmeifungua?"

"Ni kielelezo. Haiguswi."

"Kielelezo cha nini, kama mnakiogopa?" Mzee alisema bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Nikiletewa ng'ombe aliyekufa, sijui kilichomuua, nitamlaumu mchungaji hapo hapo? Si nitamchana kwanza? Labda kala nguo. Ng'ombe wanakula nguo, afande."

Ndipo mzee akanigeukia.

"Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, mzee."

"Nasikia umeandika. Umeandika uliyoyaona?"

"Nimeandika… yaliyotokea."

"Ulikuwa unamtazama kidole?"

"Hapana. Nilikuwa nimefumba macho." Sijui kwa nini nilisema ukweli. Nadhani ni vile alivyouliza. Makuruta nyuma yangu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mzee hakucheka. "Mwana wane," akasema, "kitu hukukiona, na hukukifungua, ukakiandika vizuri hivyo. Ukikiandika vizuri ndivyo unavyowafanya wengine wasikifungue."

Nimesimama mbele ya maprofesa, mwanangu. Nimerudishiwa kazi zilizopigwa mistari myekundu kama mchoro wa mito. Hakuna aliyenikemea nikakemeka kama siku ile.

Afande Luhende alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na nadhani swali lilikuwa limemwingia. Aliifungua kamba. Alitandaza gunia juu ya meza ya mwalimu, akaiweka ile bunduki, na ya kwangu kando yake, akaanza kuzifungua zote mbili. Sisi tulisogea mpaka tukamkaba. Kwa muda ule hakuna aliyekuwa anamtetea au kumshitaki mtu. Tulikuwa tunataka kuona tu. Alitoa kutoka kila bunduki kile chuma kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, akatuonyesha kwamba ndani yake mna kijiti chembamba, mfano wa msumari usio na kichwa, ambacho ndicho kinachogonga kitako cha risasi. Kijiti hicho, alisema, hakishikwi na kitu. Kinatakiwa kiteleze huru.

Akakitikisa cha bunduki yangu. Kikalia ndani, ka-ka, ka-ka.

"Kama manyanga," Mzee Jidayi alisema, macho yamemng'aa. "Ina mbegu ndani."

Afande akakitikisa cha Nkwimba. Kimya. Akakitikisa kwa nguvu. Kimya.

"Hii imekufa," mzee alisema. Alikuwa ametumia maisha yake yote akisikiliza manyanga. "Mbegu yake imeganda."

Afande alikitazama kwa karibu, na nikaona shingo yake fupi inazidi kufupika. Ncha ya kile kijiti ilikuwa imechomoza mbele, imekwama hapo hapo. Alitueleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Nkwimba alivuta, risasi ya kwanza ikatoka. Chuma kikarudi na risasi nyingine, lakini ncha ilikuwa tayari iko nje, ikaigonga risasi pale mlango ulipofunga. Na iliyofuata hivyo hivyo. Kidole hakikuwa na kazi tena. Hata angekikata, bunduki ingeendelea mpaka imalize.

"Nimekagua mitutu yote asubuhi," alisema. "Mitutu tu."

Alikigonga kijiti juu ya meza mpaka kikatoka. Kilikuwa kimezungukwa na kitu cheusi, kizito, chenye chembechembe. "Uchafu," Afande alisema. "Kuruta hakusafisha vizuri." Na nikaona Nkwimba, aliyekuwa ameanza kunyanyua uso, anauinamisha tena. Ameponyoka kosa moja, ameangukia lingine.

Mzee Jidayi alinyoosha kidole, akachota kidogo, akakisugua, akakinusa.

Hapo, mwanangu, ndipo ninapotaka usimame kidogo nami. Kwenye uzio walikuwa wanasubiri vijana waliomfuata. Mashindano yalikuwa karibu. Angepangusa kidole chake kwenye suruali, akasema ndiyo, uchafu, hakuna mtu pale ambaye angejua. Nkwimba angerudi kwenye moshi, na yeye angerudi nyumbani akiwa mtu aliyeichanganya akili SAR. Angeweza hata kumwonea huruma mpwa wake kwa dhati huku anashinda.

"Hii ni yangu," akasema.

"Mjomba, usi…"

"Nyamaza, mayo. Ni mafuta ya mkia wa kondoo, na mzizi uliosagwa, na majivu. Nilimuuliza mtoto, katika hiyo bunduki kitu gani kinatembea? Akaniambia kuna chuma kinakwenda na kurudi. Nikawaza, basi huko ndiko ulipo moyo, dawa ikae huko. Nilitaka alenge vizuri." Alitazama kidole chake tena. "Na leo kuna baridi. Mafuta ya kondoo yakipata baridi yanakuwa kama mshumaa. Hilo nalijua tangu utotoni. Sikufikiri kwamba chuma nacho kinasikia baridi."

Mmoja wa vijana pale uzioni alipaza sauti. "Kwa hiyo dawa imefanya kazi, mzee?"

"Mafuta ndiyo yamefanya kazi," Mzee Jidayi alijibu. "Hata ungepaka ya kukaangia yaliyoganda, risasi zingetoka vile vile."

Nilisikia baiskeli zinaondoka, moja moja.

Afande aliichukua karatasi yangu yenye aya nzuri, akaikunja akaitia mfukoni, na sijaiona tena. "Kuruta Nkwimba," akasema, "kuleta dawa kambini ni kosa, na kwa kosa hilo utasafisha silaha zote za kambi hii mpaka kila moja ilie kama manyanga. Kumimina risasi, hilo hukulifanya. Nalifuta mimi niliyelisema." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kesho utalenga tena."

Alilenga. Shabaha yake sikuitazama. Nilitazama kidole chake. Kilivuta, kikaachia. Kikavuta, kikaachia. Baina ya mlio na mlio ulisikia kikohozi chake kifupi, halafu kimya cha bunduki inayosubiri kuambiwa. Alifuzu. Alikwenda Geita akasimama getini, na barua za kwanza alizomtumia mjomba zilisema anapumua. Mimi nilifuzu pia, kwa huruma, na kazi ya ulinzi niliikosa kwenye usaili baada ya kuulizwa nitafanya nini nikimwona mwizi na kuanza kwa kufafanua dhana ya wizi.

Sikukuambia mwisho wa mzee. Mashindano yalifika, na Bagika walikuwa wamemtungia wimbo. Walimwimba jinsi alivyoilisha bunduki mkia wa kondoo mpaka ikaharisha. Uwanja mzima ulikuwa kwao, chatu yuko shingoni kwa kijana, na duara la Mzee Jidayi lilikuwa na jamaa zake, mimi, na Afande Luhende aliyekuja amevaa kiraia na kujifanya anapita njia.

Mzee aliingia katikati. Mkononi alikuwa na mojawapo ya zile bunduki zetu za mti, aliyoazimwa na Afande. Alitembea kwa mwendo wa kwata, kifua mbele, akachomoa kijipembe, akaipaka bunduki ya mti kwa mbwembwe, akapiga goti, akalenga, akavuta kifyatulio mara moja. Mpiga ngoma wake akapiga pigo moja. Mzee akatabasamu kwa majivuno. Ngoma ikapiga tena. Mzee akashituka. Ngoma ikaanza kumimina, na bunduki ikaanza kumburuta mzee uwanjani, huku na huko, naye anaibembeleza, anaipigia magoti, anaifunika mdomo, "Nyamaza! Baba, nyamaza! Nimesema moja!" Akaikimbia, ikamfuata. Akajificha nyuma ya Afande Luhende, na Afande, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akanguruma, "Achia! Achia!"

Watu waligeuka. Kwanza watoto na kina mama, halafu wale vijana wa baiskeli, halafu hata waliokuwa wanauimba ule wimbo. Chatu alibaki na mwenyewe. Mpaka leo kwenye ukoo wao wanabishana kama siku ile mzee alikuwa amejipaka samba au la. Nilimuuliza. Akasema, "Nilijipaka, ndiyo. Mimi mwenyewe. Kwenye chuma sitii tena."

Nasaha yangu basi, kwa kuwa uliitaka. Mtu akikwambia alivuta mara moja, usianze na kidole chake. Fungua kwanza kitu chenyewe, kitikise, sikiliza kama kinalia. Uchungu wa kusubiri jibu ni mdogo kuliko uchungu wa yule aliyekaa ngazini na begi miguuni. Ukiwa na jibu zuri mfukoni kabla hujauliza, liogope kidogo, hasa kama unajua kuandika. Na siku utakapochota uchafu ukaunusa ukajua ni wako, na hakuna mwingine anayejua, sema upesi kabla vidole havijapata muda wa kutafuta suruali. Watu watakucheka. Wacha wacheke. Mimi nimechekwa miaka yote hii, na sijalala njaa.

Yule dada wa kwenye simu simjui. Nawe humjui. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nenda salama, mwanangu. Mola akupe kifua kisicho na moshi na sikio linalosikia kimya kabla ya mlio. Akuwekee mtu wa kukuamini kwa swali moja, siku ambayo uwanja mzima una majibu. Na siku watakapokufungua wewe juu ya gunia na kukutikisa, wakute mbegu yako ingali hai, inalia.